Safu ya Nne

Mimi ndiye niliyeshika daftari
katika kibanda cha mikopo, Mbagala Rangi Tatu,
nyuma ya duka la vipuri, mlango wa bati la kijani.
Watu walituita kausha damu.
Hatukukasirika. Jina baya likizoeleka
huwa kama kovu: lipo, haliumi.

Safu ya kwanza, jina. Ya pili, kitu.
Ya tatu, kiasi. Na ya nne,
ambayo mara nyingi hubaki nyeupe:
Imekombolewa.

Neno hilo niliandika kwa mwandiko mzuri
Jumatatu hadi Jumamosi.
Jumapili nililiimba, sauti ya tatu, kwaya ya usharika,
joho limepigwa pasi,
wala sikuwahi kuyakutanisha yale maneno mawili,
ndugu wa baba mmoja waliolelewa nyumba mbalimbali.

Kisha masika, maji yamefika kizingitini,
akaja Mwaisumo, mlinzi wa usiku wa ghala la Kurasini.
Nilijua hadaiwi.
"Nimefuata cherehani ya mama Atupele."
Ni ndugu yako?
"Hapana. Tunachangia ukuta.
Mimi hulala mchana. Miezi miwili sasa
ukuta ule haulii, nami silali."

Nikapiga hesabu. Elfu themanini alizokopa mama
zilikuwa zimezaa, zimezalisha, zimepata wajukuu:
riba, riba ya riba, faini ya kila Ijumaa.
Laki mbili na arobaini.
Hakuomba kupunguziwa.
Alitoa fungu lililobanwa kwa raba: laki na nusu.
Akatazama mvua. Akatoka,
akarudi akisukuma baiskeli,
inachuruzika tope kwenye sakafu yangu.
"Na hii je?"

Nikaandika. Mwaisumo. Baiskeli,
Foniksi, nyeusi, kengele haipo. Elfu tisini.
Nikapanda mstari wa juu, kwa mama Atupele,
safu ya nne,
kalamu ikagoma.

Kwa maana niliiona mistari miwili imekaribiana
na deni halikuwa limekufa. Lilikuwa limehama.
Limeshuka mgongo huu, limepanda mgongo ule,
na mgongo ule haukukopa hata shilingi.

Miaka kumi na tisa naimba kwamba nimekombolewa,
nikidhani Mungu alipitisha kifutio tu,
kama tajiri asemaye: aa, achana nayo, hela ndogo hiyo.
Sikufikiri kwamba kuna baiskeli.
Sikufikiri kwamba kuna mtu alirudi kwa miguu, mvuani.
Na damu, ambayo sisi riziki yetu ni kuikausha,
sikufikiri kwamba yuko aliyeiacha imwagike,
mbichi, nje ya mji, mchana kweupe,
hadi mdai akakosa la kudai.

Saa kumi alasiri mama Atupele alikuja na mkokoteni.
Hakulia. Alivuta mkanda, akazungusha gurudumu,
akasema tumempotezea bobini moja.
"Nani kalipa?"
Nikamtajia.
Akashika cherehani kwa mikono yote miwili.
"Yule? Yule niliyemshitaki kwa mjumbe
kwamba ameniibia kuku?"
Kisha akamwambia kijana wa mkokoteni, twende,
kwa ukali, kana kwamba kijana ndiye mwenye kosa.

Usiku nilibaki na daftari.
Kurasa mia mbili. Nilijitafuta.
Wote wanaodaiwa wamo; ila yeye ashikaye kalamu,
anayejumlisha riba za wajane kwa mwandiko mzuri,
hatukumchorea safu.

Baiskeli imeegemea ukuta,
tope limekauka kwenye spoku.
Nilichukua kitambaa nikaifuta, moja moja,
kazi ya kijinga, kwa kuwa nje bado inanyesha.
Zamu yake huisha saa kumi na mbili asubuhi,
na kutoka Kurasini hadi huku ni mwendo.

Saa kumi na moja nilifungua mlango wa bati
nikaisukuma nje.
Daftari nililiacha wazi mezani.
Elfu tisini zile sikuwa nazo.